Programu za Takwimu za Miradi Yetu: Tusipokee Faili Bila Chanzo Chake

(Mada iliyotolewa kwa kamati za miradi za sharika, Mpemba)



Tumeombwa tueleze kwa nini mwishoni mwa mwaka 2022 vikundi vyetu vya wakulima havikupata kwa wakati ushauri wa tarehe ya kupanda mahindi. Kosa lilikuwa la ofisi ya miradi, na tunaomba radhi. Tunaeleza chanzo chake ili lisirudiwe na fedha za wafadhili zisipotee tena kwa njia ile ile.

Hapa Mpemba tuna msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili. Mkulima akipanda kwa mvua ya kwanza kisha ikakatika, amepoteza mbegu na mbolea. Ndiyo maana tunachambua kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita: mvua ilianza kweli lini, na ni mara ngapi kiangazi cha zaidi ya siku 10 kilifuata baada ya kuanza. Kumbukumbu za miaka 30 ni karibu siku 11,000, na ili kupima uhakika wa jibu, hesabu hurudiwa maelfu ya mara.

Kazi hiyo tunaifanya kwa programu ya takwimu iitwayo R. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Haina malipo, na kila mtu anaruhusiwa kuisoma na kuirekebisha.

R na msaidizi wake

R husoma maagizo na kuyatafsiri wakati huo huo wa kazi, kama mkalimani anayesimama kando ya mhubiri. Kwa kazi nyingi inatosha. Kwa hesabu zinazojirudia mno, ukalimani huo unachelewesha. Hapo wataalamu huandika sehemu nzito kwa lugha nyingine, kama C, C++ au Fortran, kisha huikompaili, yaani huitafsiri yote mapema kuwa lugha ya mashine. Hupatikana faili ambalo kwenye Windows huishia na .dll na kwenye Linux .so. R hulipakia kwa agizo la dyn.load, kisha huliita kwa agizo la .Call. Siku hizi wengi hutumia kifurushi cha Rcpp, ambacho hurahisisha kuunganisha C++ na R.

Kwa hiyo kuna vitu viwili tofauti. Kimoja ni msimbo chanzo, ambao binadamu anaweza kuusoma na kuusahihisha. Kingine ni faili lililokompailiwa, ambalo ni la mashine tu, tena mashine ya aina moja.

Yaliyotupata

Mtaalamu tuliyemwajiri kwa mkataba miaka kadhaa iliyopita alituandikia sehemu hiyo kwa lugha ya C. Alitukabidhi faili la .dll, likafanya kazi vizuri, tukamlipa, akaenda zake. Msimbo chanzo hatukuuomba, kwa kuwa hatukujua kwamba upo.

Kompyuta ya zamani ilipokufa tukapata mpya, tukaweka R mpya. Faili likakataa kupakiwa. Lilikuwa limetengenezwa kwa R ya biti 32, na kuanzia toleo 4.2.0 la Aprili 2022, R kwenye Windows ni ya biti 64 peke yake. Mwenye msimbo hatukumpata. Baadaye tulishauriwa kuweka toleo la zamani, 4.1.3, ambalo bado linakubali biti 32. Likafanya kazi, lakini wakulima walikuwa wameshapanda. Na hiyo ni dawa ya muda: huwezi kubaki na programu ya zamani milele kwa ajili ya faili moja.

Ndugu zangu, sisi tunajua habari ya pampu za visima. Mfadhili huleta pampu, maji yanatoka, watu wanashangilia. Kipuri kikiharibika na hakuna fundi wala vipuri, kisima kinasimama. Faili bila chanzo ni pampu ya namna hiyo.

Mfano wa jirani

Mwaka 2015 African Maths Initiative, shirika la Kenya, lilichangisha fedha za watu wengi ili kutengeneza R-Instat, programu ya bure inayomwezesha mtu kutumia R kwa kubofya, bila kuandika maagizo. Madirisha yake yameandikwa kwa lugha nyingine na kuunganishwa na R. Msimbo chanzo wake uko wazi kwa wote. Fundi mmoja akiondoka, mwingine anaweza kuendelea. Mchango wa aina hiyo hauishi na mtu mmoja.

Tunayopendekeza

1. Kila mkataba wa programu useme wazi kwamba msimbo chanzo ni mali ya dayosisi, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla haujakabidhiwa.

2. Kabla ya kupokea kazi, programu ikompailiwe upya mbele yetu kwenye kompyuta nyingine. Kwenye Windows hilo linahitaji zana ziitwazo Rtools, nazo ni za bure. Ikishindikana siku hiyo, mtaalamu bado yupo.

3. Toleo la R na la kila kifurushi liandikwe kwenye daftari la mradi.

4. Tuulize kwanza kama sehemu hiyo inahitajika. Tumegundua kwamba kwa hesabu zetu za kawaida, R peke yake hungoja dakika chache tu. Tulilipia mwendo ambao hatukuuhitaji.

5. Wafadhili wetu, pamoja na fedha za kompyuta, tusaidieni kumsomesha kijana mmoja kutoka sharika hizi ajue kuusoma msimbo huo.

Mtumishi aliyefukia talanta ardhini alirudisha kile alichopewa. Sisi tungeulizwa mwaka ule, tusingekuwa na cha kurudisha isipokuwa faili lisilofunguka. Uwakili mwema unaanza kwa kujua tulichokabidhiwa ni nini.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.