Kubadilisha Alteneta ya Gari Nyumbani: Njia za Mkato na Njia Zenyewe



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya alteneta ya gari. Wengine hapa watasema, sisi hatuna magari, alteneta ya nini? Lakini gari la kikundi lipo, na pikapu ya jirani ipo. Gari hilo likizimika usiku njiani, na nyuma amelala mama mjamzito anayepelekwa hospitali, hapo shida si ya dereva peke yake tena. Ni ya kijiji kizima. Kwa hiyo tusikilizane.

Alteneta ni chombo cha duara kilichofungwa ubavuni mwa injini. Wengine bado wanaiita dinamo. Inazungushwa na mkanda, na ikizunguka inatoa umeme. Betri kazi yake kubwa ni kuliwasha gari. Likishawaka, alteneta ndiyo inayolisha taa, honi na mengineyo, na pia inairudishia betri kile ilichotumia. Ikifa, gari halisimami pale pale. Linakula akiba iliyomo kwenye betri. Kwanza taa ndogo yenye picha ya betri inabaki inawaka mbele ya dereva, halafu taa kubwa zinakuwa rangi ya chai, na asubuhi gari linataka kusukumwa.

Sasa njia za mkato. Ile tunayoiona sana ni hii: mtu anawasha gari, injini inaunguruma, halafu anachomoa waya wa betri. Gari likiendelea kuwaka anasema alteneta ni nzima. Likizima, imekufa. Ati hicho ndicho kipimo! Mtindo huu ulitoka zama za dinamo zenyewe, kabla magari hayajaanza kuwekewa alteneta miaka ya 1960. Ndani ya alteneta mna vipande vidogo viitwavyo diodi, vinavyogeuza umeme ili betri iweze kuupokea. Ukichomoa betri ghafla, umeme unaruka juu, na diodi zinaweza kuungua pamoja na regyuleta. Kwenye magari ya siku hizi hata kompyuta ya injini inaweza kufa. Ni kama kumpima mgonjwa kwa kumpiga rungu.

Kipimo chenyewe ni mita ya umeme, ile ya mkononi yenye nyaya mbili. Gari likiwa limezimwa na kupumzika, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa injini, pima tena pale pale kwenye betri. Ukiona kati ya 13.5 na 14.5, alteneta inachaji, usiifungue. Ukiona namba ile ile ya mwanzo, au inashuka, haichaji. Na ikipita 15, regyuleta imeharibika na betri inapikwa.

Hata ikiwa haichaji, msikimbilie kununua mpya. Tazameni mkanda kwanza: umelegea? Umekatika? Tazameni fyuzi, na vichwa vya betri kama vina ule unga mweupe. Pia mara nyingi kilichokwisha ni kaboni tu, vipande viwili vidogo vinavyosagika kwa kuzunguka. Fundi rewaya anaweza kuzibadilisha kwa pesa kidogo kuliko bei ya alteneta nzima. Muuzaji wa vipuri hatakwambia hivyo, bwana. Yeye anauza.

Tuseme sasa ni lazima ibadilishwe. Chukueni ile ya zamani dukani, au angalau maelezo yake kamili. Mpya ifanane nayo kwa volti, kwani yapo magari ya 12 na yapo ya 24. Ifanane mahali pa kufungia bolti, na puli yake iwe na mifereji ile ile ya mkanda.

Kabla ya spana kugusa kitu, vueni saa na pete, na injini iwe imepoa. Kisha fungua waya wa betri wenye alama ya kutoa (–). Huo ndio wa kwanza kutoka na wa mwisho kurudi. Kwa nini? Kwa sababu ule waya mnene nyuma ya alteneta umetoka moja kwa moja kwenye betri. Una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikiugusa na papo hapo ikagusa bodi, cheche zitaruka. Na betri inayotoka kuchajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Tunawajua vijana wanaosema, "Aa, ni dakika mbili tu, niache hivyo hivyo." Macho hayana vipuri.

Hapa ndipo kusoma kunapotusaidia. Nyuma ya alteneta mna herufi ndogo zilizochongwa: B kwenye waya mnene, na kwenye Toyota nyingi soketi ina IG, L na S. Chukua kipande cha karatasi, andika kila waya umetoka wapi, uufunge kwenye waya wenyewe. Chora na njia ya mkanda, unapita wapi juu na wapi chini. Mwenye simu ya kamera apige picha. Kichwa kinasahau, hasa ukiitwa kula katikati ya kazi.

Sasa jambo ambalo ndilo hasa lililotuleta. Kwenye gari nyingi za dizeli tunazozitumia vijijini, kama Hilux na Hiace zenye injini ya 2L, 3L au 5L, nyuma ya alteneta imefungwa pampu ya kuvuta hewa. Pampu hii haina habari na umeme. Inavuta hewa kutoka kwenye busta ya breki, na ndiyo inayofanya breki iwe nyepesi mguuni. Inapata oili kutoka kwenye injini, kwa hiyo ina mipira ya oili na mmoja wa hewa.

Kuna watu wanaona alteneta yenye pampu ni ghali. Wanafunga isiyo na pampu, wanaziba mipira kwa bolti na kukaza, basi. Gari linawaka, taa zinawaka, mwenye gari anafurahi na bei. Jamani! Breki imebaki, ndiyo, lakini sasa inataka mguu wa nguvu mara nyingi zaidi. Hebu fikirini gari hilo limejaa kabichi na watu juu, linashuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, zaidi ya kilomita 30 za kona na bonde pembeni. Mahali hapo dereva hana muda wa kujua nani alikwepa gharama. Mkato huu sisi tunaukataa kabisa, hata kwa siku moja ya kuazima. Kama pesa haijatimia, gari lilale.

Ukifunga yenye pampu, tia oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kuunganisha, weka washa mpya, na kila mpira urudi mahali pake. Mpira wa oili ukichomoka, injini inamwaga oili yote njiani.

Mkanda nao: msibenjue alteneta kwa mtalimbo kwenye tumbo lake. Ni alumini, inapasuka. Kama ina bolti ya kurekebishia, tumia hiyo. Bonyeza mkanda kwa kidole gumba katikati. Ule mwembamba wa V uingie kama milimita 10. Ukikaza mno, beringi zitalia baada ya muda mfupi. Ikiwa mikanda ni miwili, badilisha yote miwili.

Rudisha nyaya, ile ya kutoa mwisho. Betri iliyokufa kabisa ichajiwe kwanza kwa mashine, kwani alteneta mpya ikibebeshwa kazi hiyo hupata joto sana.

Kisha, injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Ishikilie hivyo hivyo, washa. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, pampu inavuta. Isipozama, gari lisitoke uani. Angalia kama oili inavuja, pima volti, washa taa zote upime tena. Baada ya siku chache za kutembea, bonyeza mkanda tena, maana mpya hulegea.

Pikapu ya kikundi iko hapo nje na injini imeshapoa. Nani ana spana namba 10?