Mzazi Haulizwi

Habari ya Rais Tshisekedi kuzindua Kinshasa, tarehe 5 Septemba 2023, mpango wa uzazi na matibabu ya mtoto mchanga bila malipo, mmekwisha kuisikia, na sisi wa jimbo la Tanganyika twaipokea kwa shukrani. Linalotutia wasiwasi ni jingine. Katika maneno yote tuliyoyasikia, gharama imetajwa, vituo vimetajwa, wafadhili wametajwa, mzazi hakuulizwa.

Na ni nani aijuaye hali ya matibabu ya mtoto kuliko mama aliyekesha juu ya mkeka kando ya kitanda cha mwanawe, amejifunika kitenge, mkono wake ukiilinda sindano ya maji isichomoke mshipani? Ndiye aliyetumwa saa nane za usiku, karatasi ya dawa mkononi, kugonga dirisha la duka la dawa nje ya lango, anunue glavu na sirinji zilizopasa kuwamo ndani. Ndiye aliyebeba bido la maji, kwa kuwa bomba la wodini limekauka, katika mji huu wa Kalemie, ambao ziwa liko mlangoni na kipindupindu hakihami. Maarifa yote hayo huondoka naye asubuhi, akitoka na mtoto mgongoni au, Mungu apishe mbali, mikono mitupu. Mzazi hakuulizwa.

Hatumtaji mtu wala hospitali, maana dhiki hii si ya nyumba moja, na muuguzi anayefanya kazi miezi kwa miezi bila mshahara naye amedhulumiwa. Lakini mzazi aliyedharauliwa leo hukawia kesho. Huanzia kwa muuza dawa, kisha chumba cha maombi, na malaria ya mtoto haina subira, hata afikapo hospitali damu imekwisha mwilini. Na hata katika msiba mkubwa ilikuwa vile vile: surua iliyozuka mwaka 2019 iliua katika Kongo yetu watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wasiotimiza miaka 5. Waliozikwa walihesabiwa, waliowazika, nani aliwauliza?

Msituambie kwamba mzazi hajui utabibu. Kipimo cha dawa hakijui, ni kweli. Ajua kama mwanawe alingojeshwa, ajua kama alielezwa ugonjwa kwa Kiswahili anachokifahamu au kwa Kifaransa cha kumnyamazisha, ajua kama mtoto aliyekwisha kupona alizuiliwa wodini kwa sababu ya deni. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2006 chatudhaminia haki ya afya, na haki haiombwi kwa kupiga magoti.

Basi, enyi waganga wakuu wa maeneo ya afya ya Kalemie na Nyemba, nanyi wa idara ya afya ya jimbo, waulizeni wazazi! Waulizeni kabla hawajatoka, waulizeni faragha, asiwepo aliyewahudumia, na majibu yasomwe hadharani kila mwezi, hata yakiwauma. Nanyi wazazi wa Kataki, wa Hewa Bora, wa Katanika, msiondoke kimya: daini risiti ya kila faranga, ulizeni jina la ugonjwa, ulizeni jina la dawa, na mkizuiliwa na mtoto aliyepona, leteni habari hapa redioni, nasi tutaisema.