KIFO CHENYE MASHAKA KICHUNGUZWE

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Kimwani, wilaya ya Muleba



Leo sitazungumza juu ya mbolea wala juu ya mibuni. Nitazungumza juu ya jambo tusilopenda kulitaja, lakini linafika kila nyumba. Jambo hilo ni kifo. Tena ni kifo cha namna moja tu: kile kinachowafanya watu waulize, "Huyu amekufaje?"

Mzee akiugua, akatibiwa Rubya au Ndolage, akafariki, daktari anajua alichougua. Hapo hakuna mashaka. Tunalia, tunamzika kibanjani, tunakaa matanga. Lakini tuseme mvuvi ametoka jioni akiwa mzima, asubuhi maji yanamleta ufukoni. Au mama amekutwa migombani, hapumui. Au kijana amefia mahabusu. Vifo vya namna hii sheria inataka vichunguzwe. Sheria yenyewe ni Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980.

Anayesimamia uchunguzi huo huitwa korona. Msimchanganye na ule ugonjwa wa korona uliotufikia mwaka 2020! Korona huyu ni mtu, na hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na hakimu. Anatafuta majibu ya maswali manne. Marehemu ni nani? Amekufa lini? Amefia wapi? Amekufa kwa sababu gani? Basi. Korona hamfungi mtu jela. Kama kuna mtu anayeshukiwa kuua, hiyo ni kesi nyingine, nayo ina mahakama yake.

Sasa kazi inakwendaje?

Kwanza, taarifa. Aliyeona maiti amwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, naye awaarifu polisi. Taarifa isingoje ndugu wa mjini wafike.

Pili, maiti na mahali alipokutwa viachwe vilivyo. Najua huruma yetu. Tunataka kumfunika, kumwosha, kufagia uwanja. Lakini kamba, kikombe, nguo iliyolowa, hata nyayo za mtu, vyote hivyo vinasema. Ukifagia, umefuta maandishi kabla hayajasomwa.

Tatu, daktari. Ndugu huitwa kumtambua marehemu, kisha daktari anaukagua mwili. Pengine inabidi aupasue ili aone ndani. Watu wengi huogopa hapo. Wanasema mwili unaharibiwa. Sivyo. Daktari anatafuta jibu, kisha anaushona, na ndugu wanapewa mtu wao wakamzike. Kama kunahofiwa sumu, vipimo hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mwanza.

Nne, korona anapokea taarifa za polisi na daktari. Akiona inafaa, anaita mashahidi waeleze walichokiona. Na kama mtu alizikwa haraka huku kuna mashaka, korona anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe. Je, si afadhali kuchelewa kuzika siku moja kuliko kuzika mara mbili?

Ndugu zangu, hapa ndipo kisomo chetu kinapohitajika. Polisi wakiandika maelezo yako, usitie sahihi upesi upesi. Soma. Kama hujaelewa, omba usomewe polepole. Ulisema "saa mbili usiku", wao wameandika "saa mbili asubuhi"? Waambie warekebishe. Zamani wengi wetu tulibonyeza dole gumba juu ya maneno tusiyoyajua. Siku hizo zimepita. Andika pia katika daftari lako: nani alimwona marehemu mara ya mwisho, wapi, saa ngapi. Baada ya mwezi mmoja kichwa husahau, daftari halisahau.

Tena kiandikisheni kifo hicho, mpate cheti. Mjane akienda Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya mirathi, ataulizwa cheti cha kifo. Bila karatasi hiyo, kibanja chaweza kumponyoka huku anatazama.

Faida nyingine ni amani. Pasipo na jibu, uvumi hukaa mahali pa jibu. Mara anatajwa bibi kizee jirani, eti macho yake mekundu. Macho mekundu! Mama huyo amepika kwa kuni miaka hamsini, moshi umemla macho. Kwa maneno kama hayo vikongwe wengi wameuawa katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa. Kifo kimoja kisichochunguzwa kinazaa cha pili.

Tukumbuke yaliyotokea Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, katika kata za Maruku na Kanyangereko. Watu walikufa mmoja baada ya mwingine kwa homa na kutokwa damu. Safari ile wachunguzi walikuwa wataalamu wa afya, si korona, lakini swali lilikuwa lile lile: wamekufaje? Vipimo vikachukuliwa, na tarehe 21 Machi serikali ikatangaza kuwa ni ugonjwa wa Marburg. Familia zikaeleza nani alimuuguza nani, nani aligusa maiti. Watu zaidi ya 200 wakafuatiliwa. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni ikatangazwa kuwa umekwisha. Mwanzoni mwa 2025 ugonjwa huo ukatokea kwa jirani zetu Biharamulo. Marburg huambukiza hata kwa kuosha maiti. Kwa hiyo anayesema "msiguse kwanza" hatudharau. Anatuokoa.

Na majina yaandikwe. Meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Mamia walikufa, na hesabu zilizotolewa zilitofautiana. Wengine walizikwa Igoma bila kutambuliwa, na nyumbani mama aliendelea kutazama barabara. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliopanda walijulikana: watu 43. Walikufa 19, na kesho yake wakaagwa uwanja wa Kaitaba. Msiba ulikuwa mzito, lakini kila nyumba ilijua inamlilia nani.

Basi tukubaliane. Kifo kikiwa na mashaka, tutoe taarifa, tusiguse, tuseme kweli, tusome kabla ya kutia sahihi. Marehemu hawezi kujisemea. Sisi ndio wa kumsemea.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Korona anatafuta majibu ya maswali gani manne?
2. Kwa nini tusifagie mahali maiti alipokutwa?
3. Kijijini kwako, nani apewe taarifa kwanza, na utampataje usiku?