Mwanga wa Nyumbani katika Miezi ya Giza



Nimeombwa nizungumze juu ya afya, nami nimechagua jambo linalowapata wengi wetu tunaoishi Uingereza, na wachache hulitaja. Kuanzia Oktoba wapo miongoni mwetu ambao hulala sana wala hawapumziki, hutamani mikate na vitu vitamu kupita kiasi, hujitenga na watu, na nyoyo zao hubaki nzito hadi Machi. Katika familia zetu huambiwa ni wavivu, au imani yao imepungua. Nao hunyamaza. Lakini haya ni maradhi, na jina lake ni sonono ya majira. Norman Rosenthal na wenzake waliyaeleza kitaalamu huko Marekani mwaka 1984. Hata wenyeji wa nchi hii huyapata.

Sisi tuliozaliwa Unguja tulizoea siku yenye takriban saa 12 za mwanga mwaka mzima. Hapa London, siku fupi kabisa ya Disemba haifikii saa 8 za mwanga. Glasgow ni kiasi cha saa 7 tu. Mwanga uingiao machoni asubuhi ndio unaoupa mwili habari kwamba kumekucha. Ukikosekana, mpangilio wa usingizi na wa moyo huweza kuvurugika.

Mwanga unaofika mahali hupimwa kwa luksi. Sebule zetu usiku mara nyingi hazizidi luksi 300. Nje mchana, hata kukiwa na mawingu, mara nyingi luksi hufikia maelfu. Taa maalumu za tiba hutoa luksi 10,000, na mtumiaji huketi mbele yake kwa nusu saa hivi kila asubuhi. Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama: toka nje asubuhi, japo kwa matembezi mafupi.

Anayetaka kununua taa asome maelezo ya sanduku kama asomavyo hati kabla ya kutia saini. Luksi 10,000 hizo hupatikana kwa umbali gani? Ziko taa ndogo za bei rahisi zinazozitoa pale tu uso unapokaribia kuigusa, na ukirudi nyuma kidogo mwanga hupungua sana. Chagua yenye uso mpana, iliyotengenezwa kwa ajili ya tiba hii, na inayozuia mionzi ya urujuanimno. Iweke pembeni kidogo mezani, usiikodolee macho. Kunywa chai yako, soma. Usiitumie jioni, isije ikakufukuzia usingizi.

Msiogope bili. Taa ya wati 40, ikiwashwa nusu saa kila siku, hutumia uniti moja ya umeme kwa siku 50.

Balbu za kawaida hazishiki nafasi ya taa hiyo, lakini nyumba yenye nuru husaidia kuchangamsha. Tazameni lumeni, si wati: balbu ya LED ya lumeni 1,500 hutumia kiasi cha wati 15, na hutoa mwanga kama balbu ya zamani ya wati 100. Chumba cha asubuhi kifae kuwa na balbu ya kelvini 4,000 au zaidi; chumba cha kulala, 2,700. Pangusa vumbi la vivuli vya taa, na kiti cha mzee kisogezwe dirishani.

Tahadhari ni hizi. Mwenye maradhi ya macho, mwenye kisukari, anayetumia dawa zinazofanya ngozi au macho yaumizwe na mwanga, au aliyewahi kupatwa na vipindi vya msisimko wa kupita kiasi, amwone daktari kwanza. Taa husaidia baadhi ya watu, si wote. Yapo pia matibabu ya mazungumzo na ya dawa. Wala taa haileti vitamini D. NHS hushauri mikrogramu 10 kwa siku majira ya kupukutika majani na ya baridi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kuitumia mwaka mzima. Na yeyote anayehisi kuwa maisha hayana maana, atafutiwe msaada siku hiyo hiyo. Asiachiwe taa.

Ndugu zangu, ombi langu ni moja. Wapo wazee wetu wanaoishi peke yao, mapazia yamefungwa ili joto lisitoke. Mwaka huu kila nyumba imchukue mzee mmoja, impigie simu asubuhi na kumwuliza: Shikamoo, umeshafungua pazia? Wenye uwezo wachangiane kumnunulia taa. Na kijana akisema moyo wake ni mzito, asiitwe mvivu tena.

Wabillahi tawfiq.