Jiwe Lililotoka Motoni

Wasikilizaji wangu, mpitapo miteremkoni mwa Kilimanjaro mtaona mawe ya rangi ya kahawia, kumbe asili yake ni volkano. Msilihukumu jiwe kwa ngozi yake: chuma kilichomo hushika kutu kwa maji na hewa. Twaeni nyundo, mlivunje. Likiwa zima, ndani ni jeusi au la kijivu. Tazameni vitundu: vya mviringo ni mapovu ya mvuke, yaliyosalia tangu jiwe lilipokuwa ujiuji wa moto, vyenye pembe vimeachwa na chembe zilizooza zikadondoka. Bali likibanduka maganda kama kitunguu, na kiini kikamong'onyoka vidoleni, hilo limeoza hata moyoni. Msilitie katika msingi wa nyumba, msije mkalala chini ya ukuta uliopasuka.