Jicho limepona, moyo je?

Ndugu zangu vijana wa vijiweni, makondakta, mafundi na wamachinga, nisikilizeni.

Mwanamke akipigwa na mumewe, mtaa mzima unauliza: jicho limepona? Likipona tunasema yamekwisha. Hayajakwisha! Usiku hapati usingizi. Mlango ukigongwa anaruka. Chakula hakipiti. Moyo unamwambia kosa ni lake. Huo si uchawi wala kudeka. Ni jeraha, na jeraha hutibiwa.

Mtasema tiba ya akili ni ya wenye fedha. Sivyo! Katika mitaa ya walalahoi ya Nairobi, wanawake 421 waliowahi kufanyiwa ukatili waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Kundi moja lilipata huduma ya wauguzi. La pili lilipata mpango wa Shirika la Afya Duniani: vikao 5, kimoja kila wiki. Walioviendesha hawakuwa madaktari, bali wahudumu wa afya wa mitaani waliopewa mafunzo mafupi. Miezi 3 baadaye, kundi la vikao lilikuwa limepata nafuu zaidi.

Walifundishwa nini? Kupumua taratibu ili mwili utulie. Kuchagua tatizo moja linalotatulika na kulitafutia njia. Kurudia, hatua kwa hatua, shughuli walizoziacha. Kutafuta watu wa kuwashika mkono. Hakuna ndumba hapo.

Lakini tusidanganyane. Mazungumzo hayamshiki mkono mpigaji. Ndiyo maana Kenya ilipitisha sheria mwaka 2015 inayoipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumlinda anayepigwa nyumbani. Tiba bila ulinzi ni kumfunga mtu kidonda huku aliyemchoma angali na kisu.

Na wewe kijana unayenisikiliza, kazi yako ipo. Dada yako akikusimulia, msikilize. Usimuulize alikosa nini. Usimrudishe kwa nguvu eti akavumilie. Siri yake usiipeleke kijiweni. Na rafiki yako akijisifu kuwa amemtia mkewe adabu, usicheke. Ukicheka umempiga naye.

Mwisho, mheshimiwa akija kuomba kura, muulizeni hivi: katika zahanati yetu, nani amefundishwa kumsikiliza mama aliyepigwa? Mshahara wake uko fungu gani la bajeti? Akianza porojo, jibu mmeshalipata.