Mkoba Unaodumu Begani: Ufundi, Bei na Ukweli katika Utengenezaji wa Mikoba ya Malighafi Chakavu

Mada iliyowasilishwa katika semina ya mafundi cherehani na vikundi vya ujasiriamali, Tanga



1. Utangulizi

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwa pakacha walisema kweli. Pakacha husukwa kwa kuti bichi la mnazi, hubeba mzigo siku mbili tatu, kisha hutupwa shambani likaoza. Likivuja, mchukuzi anapumua. Likichanika, ardhi inalipokea.

Mikoba tunayoshona sisi haina bahati hiyo. Mkoba wa bango la matangazo ukikatika mshikio baada ya miezi mitatu, hakuna anayepata nafuu. Mnunuzi amepoteza fedha, fundi amepoteza jina, na bango limerudi jalalani likiwa limeongezewa zipu, bitana, gundi na vifungo ambavyo halikuwa navyo lilipookotwa. Tulidai tunapunguza taka, kumbe tumeinenepesha.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Mmoja wa mikoba yangu ya mwanzo ulikatika mshikio sokoni, begani kwa mama aliyeununua wiki moja kabla. Nyanya zikabingirika hadi mtaroni. Bango lilikuwa zima kabisa. Kilichokatika ni uzi, maana nilishonea uzi ule ule wa kushonea magauni. Mama yule aliurudisha bila kugomba. Alisema tu, "Mwanangu, uliniambia nikinunua nasaidia mazingira. Haya, nyanya zangu anazisaidia nani?"

Mada hii ni jibu langu kwa mama yule, ingawa limechelewa. Ninachodai ni kwamba mkoba hauwi rafiki wa mazingira kwa sababu ya mahali malighafi yake ilipookotwa. Unakuwa hivyo kwa miaka itakayokaa begani. Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ya mazingira ni kushona vizuri.

2. Kurejeleza na kupandisha hadhi

Maneno haya mawili tunayachanganya. Kurejeleza ni kuivunja taka irudi kuwa malighafi: chupa ya plastiki inasagwa, inayeyushwa, inatoka nyuzi au ndoo. Kazi hiyo inahitaji kiwanda, umeme na joto. Kupandisha hadhi ni kukichukua kitu kama kilivyo, bila kukiyeyusha, na kukipa kazi ya thamani kubwa kuliko ile iliyokwisha. Kazi hiyo inahitaji mkasi, cherehani na jicho.

Ugeni uko kwenye jina tu. Khanga ikichakaa nyumbani huanza kushuka ngazi: ya kutokea inakuwa ya kushindia, kisha beleko, mwisho tambara la kudekia. Huko ni kutumia tena, lakini kila hatua thamani inapungua. Tairi bovu lilipokuwa katambuga, na kopo la maziwa lilipokuwa kibatari, ngazi ilipandwa. Mkoba wa bango au wa tyubu ni ndugu wa katambuga. Na katambuga halikupendwa kwa sababu lilitokana na taka. Lilipendwa kwa sababu haliishi.

3. Soko lilivyofunguka

Zuio la mifuko ya plastiki lilianza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kenya walitangulia, tarehe 28 Agosti 2017. Mifuko ya rambo ilipoondoka sokoni, vikundi vingi vilianza kushona ya kitenge, salfeti na jinzi. Kisha ikaja mifuko mbadala ya kiwandani, ile inayoonekana kama kitambaa, kwa bei ambayo fundi hawezi kuifikia. Wengi hawajui kwamba mingi katika hiyo ni polipropilini, plastiki ya jamii moja na salfeti.

Funzo ni kwamba tusishindane kwenye mfuko wa kubebea mboga siku moja. Hapo kiwanda kitatushinda daima. Nafasi yetu ni mkoba: kitu ambacho mtu anakichagua, anakipenda, na kikifunguka mshono anakirudisha kwa fundi badala ya kukitupa.

Tazama ndugu wawili wa Uswisi, Markus na Daniel Freitag. Mwaka 1993, mjini Zurich, walitaka begi la kubeba wakiendesha baiskeli, lisilopenyeza mvua. Wakachukua turubai kuukuu la lori, ukingo wakautengeneza kwa tyubu ya baiskeli, na mshikio kwa mkanda wa usalama wa gari. Mkoba wao mmoja leo uko kwenye hazina ya jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa, MoMA, New York. Malighafi zote tatu zimejaa gereji za hapa Tanga. Lakini angalieni walianzia wapi: walianza na mvua iliyowalowesha wenyewe, yaani na shida ya mbebaji.

4. Malighafi na tabia zake

Salfeti. Viroba vya unga, mchele na sukari ni vyepesi na vina nguvu, lakini vina maadui wawili. Wa kwanza ni jua: kiroba kilichokaa nje muda mrefu hugeuka ungaunga wa plastiki unaoingia kwenye udongo. Kifikiche kwa vidole. Kikitoa vumbi, kiache. Wa pili ni kufumuka. Kila ukingo uvishwe utepe wa kitenge kabla ya kushonwa. Viroba vya dawa za mashambani visiguswe kabisa, hata vikioshwa mara kumi. Vya saruji vikung'utwe nje, mkono ukiwa na glavu na pua imefunikwa, kwa sababu vumbi la saruji likikutana na unyevu huunguza ngozi.

Mabango ya matangazo. Haya ni wavu wa polista uliopakwa PVC. Hayapitishi maji, na rangi yake hudumu. Ila tundu la sindano halizibiki, kwa hiyo hakuna kufumua na kushona upya. Kata kwa kipimo, bana kwa vibanio, usitumie pini. Urefu wa mshono uwe milimita 3.5 hadi 4. Mshono mfupi hutoboa mstari kama wa stempu, na bango litachanikia hapo hapo. Usilipige pasi. Vipande vinavyobaki visichomwe, maana moshi wa PVC una asidi inayochoma mapafu. Vijazeni kwenye mito ya kukalia au vifanyeni vibandiko vya kuimarisha mishikio.

Mabango ya kampuni yana nembo za watu, na ya uchaguzi yana nyuso za watu. Omba ruhusa kwa mwenye bango, au geuza upande mweupe uje nje. Si kila mteja atapenda kwenda harusini na mgombea aliyeshindwa begani.

Tyubu. Mpira wa tyubu ya lori ukioshwa kwa sabuni na kukaushwa kivulini unakaribia ngozi kwa sura. Hautaki mafuta wala petroli. Unafaa zaidi kwa kitako cha mkoba, mahali panaposugua chini.

Jinzi za mitumba. Suruali huchakaa magotini na makalioni, lakini sehemu ya chini ya mguu na kiuno hubaki imara. Usiitupe mifuko yake. Mshono wa kiwanda uliokwisha kuwepo ni kazi uliyopewa bure.

Kwa mishikio, tuna mikanda ya magari chakavu, na tuna katani. Mkonge uliletwa hapa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mkoa huu umeulima tangu hapo. Ni ajabu fundi wa Tanga kuagiza mshikio wa plastiki kutoka mbali.

5. Mshono

Tumieni uzi wa polista au nailoni. Uzi wa pamba hunyonya unyevu na huoza mapema kuliko kitu unachokishika. Sindano iwe namba 16 au 18. Cherehani ya nyumbani inaweza tabaka mbili za bango. Zikifika nne, usiilazimishe, peleka kwa fundi wa viatu.

Mshikio ndio unaoamua umri wa mkoba. Ushuke ndani ya mwili wa mkoba angalau sentimita 5, uwekewe kibandiko upande wa ndani, kisha ushonwe mraba wenye msalaba katikati. Mstari mmoja wa mshono ni ahadi ya nyanya mtaroni.

Nimejiwekea kipimo ambacho hakihitaji maabara. Tundika mkoba msumarini, weka ndani madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, yaani kilo 10, uache usiku kucha. Asubuhi kagua kila kona. Mkoba uliovutika, uliofunguka au uliopasuka tundu za sindano hauuzwi.

6. Hesabu

Kauli inayoua vikundi ni "malighafi ni bure". Tuchukue mfano wa kubuni, kila mmoja ataweka bei za kwao. Mkoba mmoja wa bango: zipu 1,500, uzi 500, mkanda 1,000, bitana 1,000, sabuni na maji 500, nauli ya kufuata bango 1,500. Jumla shilingi 6,000. Mama Fundi anauza 10,000 na kusema amepata faida 4,000. Lakini kuosha, kukausha, kukata na kushona kumemla saa nne. Kama saa yake ina thamani ya 2,000, mkoba umemgharimu 14,000. Hakupata faida, amemlipia mteja 4,000 kutoka mfukoni mwake.

Kuna hesabu ya pili, ya mazingira. Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mfuko mpya wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane, kwa upande wa joto la dunia pekee, na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Kwa anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki, hiyo ni zaidi ya mwaka na miezi mitatu. Hesabu hiyo haikuhusu plastiki inayoziba mitaro na kujaza matumbo ya ng'ombe, kwa hiyo haitetei rambo. Inatuambia kwamba kitu kizuri kisichotumika ni hasara. Sisi tuna unafuu, kwa sababu gharama ya kutengeneza bango au jinzi ililipwa zamani. Lakini zipu, uzi na bitana tunazonunua dukani ni mpya, na zina deni lake. Bitana ikatwe kwenye masalia ya kitenge, na zipu ing'olewe kwenye begi lililokufa kama bado ni nzima.

7. Tunachomwambia mteja

Huruma hununua mara moja. Mteja anayenunua ili kusaidia kikundi atamaliza wajibu wake siku hiyo hiyo. Anayenunua kwa sababu mkoba ni mzuri atarudi na dada yake. Kwa hiyo maneno makubwa tuyapunguze. Badala ya kuandika "rafiki wa mazingira kwa asilimia 100", tuandike kadi ndogo: mwili ni bango la matangazo, bitana ni masalia ya kitenge, mshikio ni mkanda wa gari, zipu ni mpya. Chini yake: ukifunguka mshono, niletee.

Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito zaidi kuliko nembo yoyote ya kijani. Mama wa nyanya nilimshonea upya mshikio kwa uzi wa nailoni, bila malipo. Aliendelea kuwa mteja wangu.

8. Maswali ya majadiliano

(a) Ni malighafi ipi iliyojaa mtaani kwenu ambayo haimo kwenye mada hii, na tabia yake ni ipi kwenye jua na maji?
(b) Saa moja ya fundi katika kikundi chenu ina thamani gani, na nani aliipanga?
(c) Nani katika kikundi atapokea mikoba inayorudi kurekebishwa?

Kabla ya kwenda kulala, kila mmoja aliyekuja na mkoba wake autundike ukutani kule nyuma. Misumari imeshapigwa na madumu yamejazwa. Kesho tukianza, tutaanzia hapo.